Piano la Mama, Madeni ya Baba

Mwaka 1956 ilitoka Marekani riwaya nyembamba ya jalada laini, ya aina inayonunuliwa kwa senti chache na kusomwa safarini, ikiitwa Down There. Mwandishi wake, David Goodis, alikuwa amewahi kuionja Hollywood: riwaya yake Dark Passage ilitengenezewa filamu mwaka 1947, Humphrey Bogart na Lauren Bacall wakiigiza. Mwaka 1950 alirudi kwao Philadelphia, akakaa kwa wazazi wake, akawa anaandika vitabu vya bei nafuu kuhusu watu walioanguka. Shujaa wa riwaya ya 1956 ni mpiga piano wa baa. Zamani alikuwa msanii wa kumbi kubwa, watu wakivaa suti kwenda kumsikiliza. Sasa anawapigia walevi vibao vya kuchezea, na hataki mtu yeyote amkumbushe alivyokuwa. Kisha ndugu yake mhalifu anamfuata pale baa, na damu inaanza kumwagika.

Kwao Goodis hakupata heshima kubwa. Aliipata Ufaransa. Huko, tangu mwaka 1945, mhariri Marcel Duhamel alikuwa akisimamia mfululizo wa riwaya za uhalifu katika shirika la Gallimard, ule ulioitwa Série noire, na Wafaransa walikuwa wakizisoma hadithi za majambazi wa Marekani kwa makini ambayo Wamarekani wenyewe hawakuwa nayo. Kitabu cha Goodis kiliingia humo kwa jina la Tirez sur le pianiste. Kijana mmoja mwongozaji, François Truffaut, ambaye filamu yake ya kwanza ndefu ilikuwa imempa umaarufu mwaka 1959, alikichukua akakifanya filamu yake ya pili, ikatoka 1960. Mpiga piano aliigizwa na mwimbaji Charles Aznavour, mtu mfupi mwenye macho ya huzuni. Anapendwa na mwanamke, anataka kuinuka tena, na mwanamke huyo anauawa kwa risasi kwenye theluji. Mwishoni yuko palepale alipoanza, kwenye piano la baa.

Naanzia mbali hivi kwa makusudi. Filamu ninayotaka kuizungumzia, De battre mon cœur s'est arrêté, ambayo jina lake linasema moyo wangu umeacha kudunda, hutajwa kwa kawaida kama filamu ya Kifaransa ya mwaka 2005 iliyoiga filamu ya Kimarekani ya mwaka 1978. Ni kweli. Lakini mtu mwenye mikono miwili, mmoja wa piano na mwingine wa ngumi, alikuwa ameshavuka bahari mara kadhaa kabla ya hapo.

Filamu ya 1978 inaitwa Fingers. Aliiandika na kuiongoza James Toback, mzaliwa wa New York mwaka 1944, aliyesoma Harvard na kufundisha fasihi katika chuo cha City College. Mwaka 1974 alikuwa ameandika The Gambler, filamu ya mwalimu wa fasihi anayeangamizwa na kamari, na watu walijua kwamba mwandishi alichota humo maisha yake mwenyewe. Fingers ilikuwa filamu ya kwanza kuiongoza. Pesa zilitoka kwa George Barrie, mfanyabiashara wa manukato aliyekuwa na kampuni ya filamu.

Harvey Keitel ndiye Jimmy. Keitel alikuwa ametoka kwenye Mean Streets ya 1973 na Taxi Driver ya 1976, na uso wake ulikuwa umeshakuwa uso wa mitaa ya New York ya miaka ile, jiji lililokaribia kufilisika mwaka 1975 na bado halijapona. Baba yake Jimmy hukopesha watu kwa riba. Jimmy ndiye anayetumwa kukusanya madeni kwa kipigo. Mama yake alikuwa mpiga piano, sasa yuko hospitali ya wagonjwa wa akili. Jimmy hutembea na redio ya mkononi inayopiga nyimbo za ujana wake kwa sauti ya kukera, na akirudi chumbani hukaa mbele ya piano akifanya mazoezi ya Toccata ya Bach katika E ndogo. Anaitwa kwenye usaili, anashindwa. Baba yake anauawa. Anamtafuta muuaji na kumuua. Picha ya mwisho inamwonyesha uchi kwenye chumba chake, piano likiwa kando yake, akigeuka kututazama kama mnyama aliyefungiwa.

Ni filamu yenye nguvu na ni filamu inayonichukiza, na sioni sababu ya kuficha lolote kati ya hayo mawili. Nguvu yake iko kwa Keitel, anayeingiza mwili mzima ndani ya Bach kana kwamba anapigana naye. Kinachochukiza ni jinsi wanawake wanavyotendewa: wanashikwa, wanasukumwa, wanapigizwa vichwa, na kamera haioni haja ya kuuliza wanahisi nini. Mwaka 2017 wanawake wengi walijitokeza kumtuhumu Toback kwa udhalilishaji wa kingono, tuhuma alizozikana. Mwaka 2025 baraza la mahakama huko New York lilimtaka awalipe wanawake 40 fidia ya dola bilioni 1.68. Mtu anayeitazama Fingers leo anaitazama akiwa na habari hizo, na hawezi kujifanya hana.

Mwaka ule wa 1978 haikupata watazamaji wengi. Ilibaki kwa wapenzi wachache waliopeana habari zake, na mmoja wao alikuwa kijana wa Paris aliyefanya kazi katika vyumba vya kuhariri filamu. Jina lake Jacques Audiard.

Ufaransa nzima ililijua jina la ukoo huo. Michel Audiard, aliyezaliwa 1920, alikuwa bingwa wa mazungumzo ya filamu. Wahuni wake walizungumza kwa mafumbo na matusi matamu ambayo watu waliyakariri na wanayakariri hadi leo. Les Tontons flingueurs ya 1963 peke yake ingetosha kumpa mtu mmoja umaarufu wa maisha. Mwanawe Jacques, aliyezaliwa 1952, alitaka kwanza kuwa mwalimu. Akasoma fasihi na falsafa, kisha akaacha, akajifunza kukata na kuunga picha. Baadaye aliandika pamoja na baba yake, ikiwemo Le Professionnel ya 1981 iliyoigizwa na Jean-Paul Belmondo. Michel alifariki 1985. Miaka tisa ikapita ndipo mwana akatoa filamu aliyoiongoza mwenyewe, akiwa na umri wa miaka 42. Sitaki kumfanya mtu mhusika wa kazi yake mwenyewe, lakini mwongozaji aliyelelewa katika nyumba ya namna hiyo, na aliyechukua muda huo wote kupata sauti yake, alikuwa na sababu ya kuikumbuka hadithi ya kijana anayefanya kazi ya baba.

Nafasi ilikuja kupitia kwa mtayarishaji Pascal Caucheteux wa kampuni ya Why Not. Kampuni hiyo ilikuwa imeingia kwenye mradi wa kutengeneza upya filamu ya Kimarekani, Assault on Precinct 13, na Caucheteux akamuuliza Audiard kama ipo filamu ambayo yeye angependa kuirudia. Akaitaja Fingers.

Jambo hili halikuwa la kawaida. Desturi ilikuwa kinyume chake: Hollywood ndiyo iliyonunua filamu za Wafaransa na kuzitengeneza upya kwa nyota wake. Trois hommes et un couffin ya 1985 iligeuzwa Three Men and a Baby miaka miwili baadaye. Nikita ya 1990 ikapata nakala yake ya Kimarekani mwaka 1993. Hata À bout de souffle, filamu iliyobadilisha sinema ya dunia mwaka 1960, ilirudiwa 1983 na Richard Gere. Mara nyingi kilichopotea njiani ndicho kilichoifanya filamu ipendwe. Audiard alikwenda kinyume cha mkondo: hakuchagua filamu iliyoingiza pesa nyingi wala iliyokamilika, alichagua iliyopwaya, yenye mashimo ambayo mtu mwingine angeweza kuyajaza.

Alimwita Tonino Benacquista waandike pamoja. Benacquista, mtoto wa wahamiaji wa Kiitaliano, alikuwa amechapisha riwaya zake za mwanzo katika mfululizo uleule wa Série noire uliompokea Goodis miongo kadhaa nyuma. Walikuwa wameshaandika pamoja Sur mes lèvres ya 2001. Kazi ya kwanza ilikuwa kumtafutia shujaa wao ajira. Mafia wa Kiitaliano wa New York hawana nafasi Paris. Mkusanya madeni atafanya nini katika jiji la mawe ya kijivu na vyeti vya kumiliki nyumba?

Jibu lao ndilo lililoipa filamu uhai. Thomas Seyr, mwenye umri wa miaka 28, ni dalali wa majengo. Yeye na wenzake wawili wananunua majengo chakavu kwa bei ya kutupa na kuyauza kwa faida, na ili jengo liuzike lazima kwanza liwe tupu. Basi usiku wanabeba magunia ya panya na kuwafungulia ngazini. Wanavunja madirisha na mabomba, wanakata umeme. Watu waliojihifadhi humo kwa kukosa makazi wanafukuzwa kwa marungu. Asubuhi Thomas amevaa koti la ngozi na tai, anatia saini mikataba. Baba yake, Robert, ni mwenye nyumba wa shule ya zamani, mnene, mchovu, anayependa kujionyesha, naye humwita mwanawe kila mpangaji anapochelewesha kodi. Kijana anakwenda, anapiga, anarudi na pesa, na ndani ya macho yake tunaona mtoto anayengoja kuambiwa amefanya vizuri.

Filamu ilionyeshwa katika tamasha la Berlin Februari 2005 na kuingia kumbi za Ufaransa mwezi Machi. Tarehe 15 Aprili moto uliteketeza hoteli ya Paris-Opéra, ambamo wahamiaji wasio na makazi walikuwa wamewekwa kwa muda. Watu 24 walikufa. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Agosti jengo la boulevard Vincent-Auriol likawaka, wakafa watu 17, 14 kati yao watoto, wengi wa familia zilizotoka Afrika Magharibi. Siku chache baadaye moto mwingine katika mtaa wa Roi-Doré uliua 7. Audiard hakuwa akitabiri chochote. Alikuwa amechungulia tu chini ya jiji ambalo watalii huliona kwa juu, akakuta kwamba uhalifu wake mkubwa hauhitaji bunduki: unahitaji mthamini wa majengo, mwanasheria wa mikataba na gunia la panya. Mwaka wa moto ukawafanya watazamaji waelewe vizuri zaidi ni watu gani waliokuwa upande wa pili wa ile milango iliyovunjwa.

Mama yake Thomas, kinyume na mama yake Jimmy, amekwisha kufa. Alikuwa mpiga piano wa kumbi, na kilichobaki kwake ni kanda za sauti ambazo mwana anazisikiliza peke yake. Naliona badiliko hili kuwa la busara. Mama aliyerukwa na akili angebaki kuwa mzigo wa kuhurumiwa. Mama aliyekufa anakuwa mahakama. Usiku mmoja Thomas anaendesha gari, anamwona barabarani Fox, wakala aliyesimamia maonyesho ya mama yake. Mzee anamuuliza kama bado anapiga. Kijana anasema ndiyo, kidogo. Njoo basi, anaambiwa, nikusikilize. Mazungumzo mafupi kama hayo, na maisha ya mtu yanapinduka.

Wengi wetu tunamfahamu mtu wa namna hiyo: aliyekuwa anachora vizuri shuleni, aliyeimba hadi walimu wakamtabiria makubwa, kisha ikaja kazi, ikaja familia, ikaja aibu ya kuanza tena. Filamu nyingi za aina hii humdanganya mtazamaji. Husema kipaji kilichoachwa hubaki kabatini kikingoja, na siku ukilifungua kabati utakikuta kinang'aa. Audiard anajua muziki haufanyi hivyo. Vidole vina kumbukumbu, lakini vina kutu pia, na mtu aliyekaa miaka kumi bila mwalimu hafungui kabati. Anapanda mlima aliokwisha kuushuka.

Mwalimu anampata. Ni Miao Lin, Mchina aliyewasili Paris karibuni kusoma muziki, asiyejua Kifaransa. Nafasi hiyo alipewa Linh-Dan Pham, mzaliwa wa Saigon, ambaye akiwa msichana alionekana na Catherine Deneuve katika Indochine ya 1992, kisha akaiacha sinema na kwenda kusoma mambo ya biashara. Kwa zaidi ya miaka kumi hakuonekana kwenye kioo. Katika filamu inayohusu sanaa iliyoachwa, yeye ndiye aliyekuwa ameiacha kweli, na ndiye aliyepewa kumwigiza mtu asiyeyumba.

Masomo yao ni moyo wa filamu. Chumba ni kidogo, kuna chai, kuna piano. Kijana aliyezoea kumaliza kila jambo kwa mkono hawezi kumtisha mtu yeyote humu. Hata matusi yake hayaeleweki. Anaharakisha, anasimamishwa. Anapiga teke, anaambiwa kwa ishara arudie. Mwili wake wote unataka kufika mwisho wa kipande, na mwanamke aliyekaa pembeni anataka apige vizuri vipimo vinne vya mwanzo. Kipande chenyewe ni kilekile cha Jimmy, Toccata ya Bach katika E ndogo, ambayo Bach aliitunga ujanani: inaanza kwa mawazo yaliyotawanyika na kuishia kwenye fugi, sauti zinazofukuzana kwa sheria kali bila kugongana. Ni vigumu kufikiria kipande kinachomfaa zaidi mtu mwenye maisha kama ya Thomas.

Romain Duris, aliyemwigiza, alijulikana hadi hapo kwa vichekesho vya vijana, hasa L'Auberge espagnole ya 2002. Alijifunza piano kwa miezi kwa msaada wa dada yake Caroline, mpiga piano wa kweli, na upigaji tunaousikia kwenye filamu ni wa dada huyo. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Kinachovutia ni kwamba Duris anabaki na wasiwasi wa mikono hata asipokuwa kwenye piano: vidole vinagonga meza ya baa, usukani wa gari, magoti yake mwenyewe. Mpiga picha Stéphane Fontaine anamfuata na kamera ya mkononi, karibu sana na uso, na usiku mwingi wa Paris unabaki nje ya fremu. Mhariri Juliette Welfling anakata pale pumzi inapokatika.

Mbele yake yuko Niels Arestrup kama baba. Sijaona mara nyingi uhusiano wa baba na mwana ukionyeshwa kwa ukatili na upole mkubwa kiasi hicho kwa pamoja. Filamu inafunguka kwa mwenzake Thomas akisimulia jinsi baba yake alivyozeeka, akaanza kumtegemea kwa kila kitu, hadi mwana akawa mzazi. Thomas anasikiliza kana kwamba hayamhusu. Saa nzima baadaye tunamwona baba yake akiomba: nenda kwa Minskov, Mrusi aliyenitapeli, kanirudishie pesa zangu. Katika desturi zetu tungesema kijana yule anatafuta radhi. Shida yake ni kwamba anaitafuta kwa wazazi wawili wanaodai vitu visivyokaa pamoja, mmoja akiwa amekufa na mwingine hajui kabisa kwamba anadaiwa kitu.

Usiku wa kuamkia usaili, wenzake wanamtoa kwenda kwenye biashara ya jengo. Anakwenda. Hapo ndipo filamu inapotoa hukumu yake, na inaitoa bila kelele: hakuna anayemwekea bastola kichwani, angeweza kukataa. Asubuhi anaketi mbele ya Fox bila usingizi, anaanza, anakwama, anaanza tena, anaacha. Halafu anakwenda kwa baba yake na kumkuta ameuawa.

Toback angemaliza hapo kwa damu. Audiard anaruka miaka miwili. Thomas yuko pamoja na Miao Lin, anasimamia kazi yake, anapanga maonyesho, anamwendesha hadi ukumbini. Hakuwa msanii, amekuwa mtu anayeujua usanii kwa karibu na kuutumikia. Jioni ya onyesho anamwona Minskov kwa bahati. Anamfuata, wanapigana ngazini pigano baya lisilo na ustadi wowote, bastola inaingia mikononi mwake, na hafyatui. Anaingia ukumbini akiwa na mikono iliyochanika, anakaa kwenye kiti, na vidole vyenye damu vinafuata gotini muziki unaopigwa na mwingine jukwaani.

Wapo wanaouona mwisho huu kuwa ushindi na wapo wanaouona kuwa rambirambi. Mimi nauona kuwa wa kweli kuliko yote mawili. Kushindwa kwa Thomas hakufutwi. Hapewi usaili wa pili, wala Fox harudi na maneno ya kutia moyo. Anachopata ni kazi iliyo jirani na ile aliyoitamani, na nguvu ya kutoua, ambayo Jimmy wa New York hakuwa nayo. Kwamba ameipata kwa mwanamke ambaye hakuwahi kumtii, ndani ya hadithi ambayo toleo lake la kwanza liliwatupa wanawake ukutani, ni sahihisho kubwa kuliko lolote ambalo filamu iliyotengenezwa upya imewahi kulifanyia ile iliyoizaa.

Berlin ilimpa Alexandre Desplat tuzo ya Dubu wa Fedha kwa muziki wake. Februari 2006 filamu ilizoa tuzo 8 za César, ikiwemo ya filamu bora na ya mwongozaji bora. Arestrup akatuzwa kama mwigizaji msaidizi na Linh-Dan Pham kama mwigizaji chipukizi, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 30. Duris, ambaye yumo karibu katika kila picha, aliondoka mikono mitupu. Ya mwigizaji bora ilikwenda kwa mkongwe Michel Bouquet. Uingereza nayo iliipa BAFTA ya filamu bora isiyo ya Kiingereza.

Miaka minne baada ya Thomas, Audiard alimrudisha Arestrup katika Un prophète, safari hii akiwa mzee wa Kikorsika anayetawala gereza na kumfanya kijana Mwarabu kuwa mtumishi na mtoto wake wa kulea. Kijana yule, aliyeigizwa na Tahar Rahim, hakuachiwa piano wala kanda za mama. Anamtumikia mzee, anajifunza kila alichonacho, na siku inapofika anamwacha akiwa ameanguka uwanjani na kwenda zake na watu wengine. Arestrup alipata César ya pili kwa nafasi hiyo, akapata ya tatu mwaka 2014 kwa Quai d'Orsay, na akafariki Desemba 2024.